Bastola za Kaunti ya Pruett Hazipigi Teke

Kwa heshima na taadhima naitangazia dunia kwamba Kaunti ya Pruett, Texas, imekuwa ya kwanza katika historia ya binadamu kukomesha teke la bastola kwa njia ya azimio. Wengine wamejaribu kwa mafunzo, wengine kwa dawa ya kuchua, wengine kwa maombi. Sisi tulipiga kura kwenye baraza la kaunti. Matokeo yalikuwa tano kwa sifuri, na kuanzia saa sita mchana ya Jumatatu ile bastola zote ndogo za kuficha zilizomo ndani ya mipaka ya kaunti zilitakiwa kutulia mkononi.

Azimio hilo nililiandika mimi. Naitwa Vernell Tidwell, Katibu wa Kudumu wa Kamati ya Kudhibiti Msukumo Kinyume wa Silaha Ndogo za Kuficha. Kadi yangu ya kazi ilibidi ichapishwe pande mbili.

Kwetu kiongozi asiyebeba bastola ni kama mchungaji asiyebeba Biblia: anaweza kuwa mtu mwema sana, ila hachaguliwi. Na bastola yenyewe haitakiwi kuonekana. Ikijichora chini ya shati, hata pembe yake tu, umeaibika. Afadhali usahau kufunga zipu. Sasa mwezi wa nane Texas ni tanuri, mashati yetu ni mepesi, na kwa sababu hiyo kila mkubwa alitafuta bastola ndogo kuliko ya mwenzake. Ya Kamishna Stumbo ilikuwa ndogo kuliko pochi yake. Ya Jaji ilisemekana kuwa ndogo mno hata hakuna mtu aliyewahi kuiona, na jambo hilo lilimjengea heshima kubwa.

Tatizo ni kwamba bastola ndogo ina roho mbaya. Ile nzito hulimeza teke lake yenyewe. Nyepesi haina pa kuliweka, basi inakukabidhi wewe lote, na haikuulizi cheo.

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa tano, siku ya kufungua uwanja mpya wa shabaha wa kaunti. Kamishna Harlan Stumbo alikuwa anakata utepe alipomwona nyoka, yule mwenye njuga mkiani, amejikunja kando ya meza ya chakula. Kamishna ni mtu shupavu. Alichomoa bastola yake mbele ya kamera, akaishika kwa vidole viwili na nusu maana mpini haukuwa na nafasi ya zaidi, akafyatua. Risasi ilikwenda ilikokwenda. Bastola yenyewe ilirudi nyuma, ikampita sikioni, ikapaa, ikatua ndani ya sufuria ya maharage ya akina mama wa Kilutheri. Nyoka aliondoka kwa mwendo wake wa kawaida. Picha ilitoka ukurasa wa kwanza, na juu yake gazeti liliandika: “Maharage Yajeruhiwa.”

Kesho yake Jaji aliniita. Royce Thigpen ndiye Jaji wa Kaunti, na kwetu Jaji wa Kaunti ndiye mkuu wa kaunti. Kazi hiyo haimlazimishi mtu awe amesoma sheria, na Mheshimiwa hajawahi kujikweza kwa kuisoma.

“Tidwell,” alisema huku akitafuna kolachi, ule mkate mdogo wa Kicheki wenye soseji ndani, “gazeti umeliona?”

“Nimeliona, Mheshimiwa.”

“Nina uchaguzi mwezi wa kumi na moja. Siwezi kwenda kuomba kura na kaunti inayopigwa mateke na vitu vyake yenyewe.”

“Huwezi, Mheshimiwa.”

“Nataka hilo teke liishe.”

“Liishe lini?”

Alitazama kalenda. “Jumatatu.”

Serikali makini haiendi kichwakichwa, kwa hiyo tulimwita mtaalamu. Alikuwa askari Cleon Babb, msimamizi wa uwanja wa shabaha, mtu mwenye shingo nene na maneno machache, ambaye kasoro yake kubwa ni kusema kweli hata asipoulizwa.

“Jaji, teke haliishi,” alisema. “Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma. Ndivyo Mungu alivyopanga. Unachoweza ni kulidhibiti. Shika juu kabisa, mkono ubanane na mgongo wa bastola. Mkono wa kushoto ujaze ule upande ulio wazi, ukaze. Egemea mbele kidogo. Na uweke magazini ya risasi ndefu kidogo, itokeze chini ya mpini, ili kidole kidogo nacho kipate pa kushika.”

“Magazini ndefu itaonekana chini ya shati.”

“Kidogo tu.”

“Basi hicho kidole kitajitegemea,” alisema Jaji.

“Au mbebe bastola nzito zaidi.”

Kamishna Stumbo alikohoa na kutazama dari, na mimi nikalifuta neno hilo kwenye kumbukumbu ili kumlinda kijana wa watu.

Ushauri wa kitaalamu ukishaingia serikalini hautoki kama ulivyoingia. Kwa kuwa mtaalamu alisema “shika juu,” tuliamuru vitasa vya milango yote ya jengo la kaunti vipandishwe futi mbili. Dada wa mapokezi, ambaye si mrefu, alikaa chooni kuanzia saa tatu hadi saa tano, akatolewa na wazima moto. Kwa kuwa alisema “egemea mbele,” wafanyakazi wote kumi na saba waliagizwa kusimama na kutembea wakiwa wameinama mbele saa zote za kazi. Wageni walikuwa wakiingia wanashika kofia zao, wakidhani ndani kuna upepo.

Kuhusu kidole kidogo, ambacho kwenye mpini mfupi hubaki kinaning’inia bila kituo cha kazi, tuliunda Kamati Ndogo ya Kidole cha Mwisho. Ilikutana mara nne. Ripoti yake ya kurasa thelathini na nane ilianza kwa kukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na ikamalizia kwa kupendekeza kidole husika kipewe likizo yenye malipo.

Neno “teke” lenyewe tulilipiga marufuku ofisini. Badala yake ilitakiwa kusemwa Msukumo Kinyume wa Kirafiki. Pale uwanjani tukachora mstari mwekundu kwenye ubao ulio kando ya mpigaji, tukauita Mstari wa Adabu: ukifyatua, mtutu wa bastola yako usiupite kwenda juu. Mitaani watu waliendelea kusema bastola inapiga teke, lakini mitaani hakuna kumbukumbu za vikao.

Kisha tukafanya utafiti. Niliiandaa fomu mwenyewe na bado naionea fahari. Swali lilikuwa moja: “Je, bastola yako inapiga teke?” Visanduku vilikuwa viwili: “Hapana” na “Hapana kabisa.” Kati ya wafanyakazi kumi na saba, kumi na sita walijibu vizuri. Jioni hiyohiyo Jaji alizungumza redioni na kuwaambia wananchi kwamba msukumo kinyume umedhibitiwa kwa asilimia tisini na nne, na kwamba hatutalala mpaka zile sita zilizobaki zimepatikana.

Asilimia sita zilikuwa na jina. Ziliitwa Odessa Kubala, karani wa kumbukumbu, mama wa miaka sitini na minne mwenye miwani ya kamba na vidole vilivyovimba kwa baridi yabisi. Kwenye fomu yake alikuwa amechora kisanduku cha tatu kwa rula, kizuri kuliko vyangu viwili, akaandika pembeni: “Ndiyo. Kama nyumbu.”

Nilimfuata mezani kwake nikiwa nimeinama mbele kama kanuni inavyotaka.

“Bi Odessa, futa tu hiki kisanduku, mambo yaishe.”

“Nikifute kwa nini?”

“Kwa sababu hakipo.”

“Kipo, Vernell. Nimekichora.”

“Wenzako wote wameandika haipigi.”

“Na hao wenzangu wamewahi kuzifyatua?”

Swali hilo halikuwemo kwenye fomu, kwa hiyo sikulijibu. Nilimwonyesha Kanuni ya Kumi na Mbili: mfanyakazi mwenye msukumo usiodhibitika atapimwa hadharani, na mtutu wake ukipita Mstari wa Adabu, atastaafishwa siku hiyohiyo kwa ajili ya kulinda afya ya mkono wake. Barua ilikuwa imeshachapwa, yenye tarehe ya Jumamosi hiyo ya kupimwa. Niliichapa mimi, na nilitumia maneno mazuri sana.

Aliisoma yote. Akavua miwani.

“Miezi mitano, Vernell. Miaka thelathini na mmoja nimekalia kiti hiki, imebaki miezi mitano nipate pensheni kamili. Na bima ya Emil iko kwenye kazi hii. Mume wangu anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkinitoa Jumamosi, Jumatatu nampeleka wapi?”

“Ndiyo maana nakwambia ufute, mama.”

“Nikifuta nitakuwa nimesema uongo, na uwanjani mtanipeleka tu. Hicho kidude kitaruka. Kinaruka kwa kila mtu. Sasa unataka nifukuzwe nikiwa mwongo?”

Nakiri kwamba pale nilimwonea huruma, hisia ambayo haimo katika maelezo ya kazi yangu. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kupanga mafaili nilipoajiriwa, na mke wangu alipojifungua alituletea supu ya kuku wiki nzima bila kuulizwa. Nilitoka ofisini kwake nimenyooka wima kabisa. Hakuna aliyeniona, kwa bahati nzuri.

Alhamisi alasiri nilikwenda uwanjani kufanya ukaguzi wa siri nyuma ya lori. Cleon alikuwa pale na Bi Odessa, wawili tu, na juu ya meza kulikuwa na bastola rasmi ya kupimia, ndogo, nyeusi, nyepesi kama chaja ya simu.

“Mimi sina nguvu, mwanangu,” alisema mama. “Nikifungua chupa ya kachumbari namwita Emil.”

“Nguvu siyo dawa yake, Bi Odessa. Wanaume wenye mikono kama ya kwangu inawapiga vibaya zaidi maana wanaikaba koo halafu wanalegeza mabega. Leta mkono juu. Juu zaidi, mpaka usiwe na pa kwenda. Kidole kidogo kikunje chini ya mpini, kisikae hewani. Mkono wa kushoto ndio ukaze. Haya, egemea, kama unamsukuma ng’ombe apande gari.”

“Ng’ombe nawajua.”

“Basi. Halafu usigombane na teke. Liache lije, ukubali limekuja, kisha rudisha bastola pale ilipokuwa. Ndiyo kazi yote hiyo.”

Alifyatua. Bastola iliruka, ikapita Mstari wa Adabu kwa shibiri nzima, na mama akasema neno la Kicheki, lugha ya babu zake, ambalo sitalitafsiri. Nilihuzunika nyuma ya lori. Kwa mujibu wa kanuni zangu mwenyewe, alikuwa ameshapoteza kazi.

Tangazo la kikao nililibandika kwenye mlango wa jengo la kaunti saa sabini na mbili kabla, kama sheria ya vikao vya wazi inavyoagiza. Jumamosi asubuhi walikuja watu kama mia tatu, na viti vyao vya kukunja, na chai ya barafu kwenye madebe. Akina mama wa Kilutheri walileta maharage na kuyaweka mbali sana. Emil Kubala alikaa mstari wa mbele, mwembamba, kofia magotini, plasta kwenye mkono. Hakumwangalia mtu mwingine ila mkewe.

Kamati tulikaa meza kuu: Jaji katikati, Kamishna Stumbo kulia, mimi kushoto. Jaji alisema kwa dakika kumi na saba. Alisema kaunti ndogo inaweza kuwa na ndoto kubwa na bastola ndogo. Halafu akamgeukia Bi Odessa, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari la kumbukumbu, kwani hata siku ya kufukuzwa hakukuwa na karani mwingine.

“Haya, mama. Simama upimwe.”

“Nasimama, Mheshimiwa. Ila kabla ya kupima lazima karani asome kanuni, la sivyo kikao ni batili.” Alivaa miwani. “Kanuni ya Tisa. Hakuna mwanakamati atakayempima mfanyakazi kabla yeye mwenyewe hajachomoa silaha yake mbele ya umma na kufyatua mara moja, ili kuonyesha njia. Kanuni ya Kumi. Asiye na silaha si mwanakamati. Imesainiwa, Royce Thigpen, Jaji.”

“Rudia hapo!” mtu alipiga kelele nyuma, na Bi Odessa akarudia, polepole, kwa sauti ya kusomea wosia.

Jaji aliniinamia sikioni. “Nani kaandika upuuzi huu?”

“Mimi, Mheshimiwa. Ulisema niweke kitu chenye ujasiri, gazeti lipate picha.”

“Nikakubali?”

“Ulisaini. Ulikuwa unakula.”

Alinyooka, akatabasamu kwa meno yote. “Kamishna Stumbo ataanza.”

Stumbo alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Aliingiza mkono kiunoni, akakaa nao huko kwa muda, kisha akachomoa kopo la peremende.

“Ni la chuma,” alieleza kwa unyenyekevu. “Umbo linafanana. Tangu siku ile ya maharage sijaweza kuigusa ile nyingine.”

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama moto wa majani makavu. Zamu yangu ikafika. Kwa kuwa hii ni taarifa rasmi, sina budi kueleza kwamba nilichomoa kipande cha sabuni ya hoteli kilichofungwa kwenye leso nyeusi. Bastola yangu niliifyatua mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, ikaning’oa kucha. Sabuni haijaning’oa kitu, na mwezi wa nane inanukia vizuri.

“Tidwell, utatuogesha!” mtu alisema.

Sasa ikabaki silaha ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Watu walisimama juu ya viti. Wazazi waliwabeba watoto mabegani. Jaji alianza kusema kwamba usalama wa taifa una siri zake, kwamba kuna mambo ya kikatiba, kwamba jua ni kali. Watu wakaanza kupiga makofi kwa pamoja, pole pole, pa, pa, pa. Mheshimiwa akajua maji yamezidi unga. Alipeleka mkono nyuma ya mgongo, akachomoa, akanyoosha mkono mbele kishujaa.

Ilikuwa rimoti ya televisheni.

Mama mmoja alisimama mstari wa pili. Alikuwa Bi Earlene Thigpen, mke wa Jaji.

“Royce! Hiyo ni rimoti yangu?”

“Earlene, mpenzi, tutazungumza nyumbani.”

“Miezi minane! Miezi minane nainuka kwenye kochi kubadilisha chaneli kwa mkono na magoti haya! Nikamsingizia mbwa! Mbwa wa watu nikamfungia nje, Royce!”

“Jaji, tuwekee mpira!” alisema mmoja.

“Punguza sauti ya mkeo!” alisema mwingine, na Bi Earlene akamgeukia, na huyo hakusema tena siku ile.

Kiongozi wa kweli hujulikana kwenye shida. Jaji aliinua rimoti juu ili wote waione. “Ndugu wananchi,” alisema, “mnachokiona hapa ni ushahidi wa mafanikio. Kifaa hiki hakina msukumo kinyume hata chembe!”

Niliandika hoja hiyo. Ilikuwa ya kweli.

Bi Odessa hakucheka. Alikuwa amepigia mstari jambo fulani kwenye daftari. “Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi,” alisema, “wanakamati watatu wamejiengua. Hakuna kamati. Cleon, mtu binafsi anaruhusiwa kupiga shabaha hapa?”

“Uwanja ni wa umma, mama.”

Alikwenda kwenye mstari. Aliweka vizibo vya masikio, akaishika ile bastola rasmi, mkono juu mpaka ukakosa pa kwenda, kidole kidogo akakikunja chini. Aliegemea mbele. Emil alikuwa ameikunja kofia yake mpaka ikawa kama tambara.

Alifyatua. Bastola iliruka, ikaupita Mstari wa Adabu bila haya. Akairudisha. Akafyatua. Ikaruka tena, akairudisha tena. Mara tano. Cleon aliivuta karatasi ya shabaha, akaiinua juu, na matundu matano yalikuwa yamekusanyika katikati, yangeweza kufunikwa na kolachi moja.

“Mtutu umepita mstari!” alisema Jaji. “Mara tano! Nimeona!”

“Umepita, Mheshimiwa,” alisema Bi Odessa. “Imenipiga teke mara tano. Na mimi nimeirudisha mara tano.”

Hapo ndipo watu walipolipuka. Kofia zilirushwa, akina mama wa Kilutheri walipiga miiko kwenye masufuria, na mtu mzima mmoja alimkumbatia Kamishna Stumbo bila sababu. Bi Odessa alisubiri kelele zipungue, akafungua daftari.

“Kanuni ya Kumi na Moja. Nafasi ya mwanakamati ikibaki wazi, itajazwa papo hapo na mfanyakazi yeyote wa kaunti aliyefyatua mbele ya umma.” Alitazama kulia, akatazama kushoto. “Vernell, kuna mwingine?”

“Hakuna, Bi Odessa.” Kisha nikajirekebisha. “Hakuna, Mheshimiwa Mwenyekiti.”

Nilisogeza kiti. Jaji naye alisogea, kwa kuwa mke wake alikuwa amesimama nyuma yake. Bi Odessa alikaa katikati, akaichukua ile barua yangu ya kumstaafisha, ile yenye maneno mazuri.

“Barua hii inahitaji idhini ya kamati,” alisema. “Kamati inakataa.” Akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Halafu sauti yake ikabadilika, akaacha kuwa mwenyekiti. “Emil. Jumatatu tunakwenda kama kawaida.”

Mzee aliipiga kofia yake gotini mara mbili tatu, akawa analia waziwazi, na mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Kamati ya mtu mmoja ikaendelea na ajenda. “Mheshimiwa Jaji, wewe pia ni mfanyakazi wa kaunti. Na kwenye fomu yako ulijibu ‘Hapana kabisa.’ Njoo upimwe.”

Angeweza kukataa. Lakini mbele yake kulikuwa na wapiga kura mia tatu, na uchaguzi ni mwezi wa kumi na moja. Alikwenda.

“Jaji, shika juu,” alisema Cleon. “Kidole kidogo kikunje. Egemea.”

“Kijana, mimi nashika bastola tangu sijaota meno.”

“Sawa, bosi.” Cleon alirudi nyuma hatua tatu, akasita, akaongeza mbili.

Mheshimiwa alisimama wima, mkono mmoja, kiwiko kimelegea, kidole kidogo kimeinuliwa hewani kwa madaha. Akafyatua. Risasi ilizama kwenye tuta la udongo bila kumkosea mtu. Bastola ilirudi, ikachukua kofia, ikaangusha kofia, ikamwachia dole gumba lililoelekea Oklahoma, jimbo la jirani. Na hapo, kwa sauti iliyowafanya ng’ombe wa upande wa pili wa barabara wainue vichwa, Jaji wa Kaunti ya Pruett alimwita mama yake.

Bi Earlene hakuwa mtu wa kinyongo. Alimfunga mkono kwa kitambaa chenye barafu ya chai. Bi Odessa alikuwa anaandika.

“Mheshimiwa, samahani. ‘Mama wee’ niiandike mara tatu au mara nne?”

“Usiandike!”

“Kikao ni cha hadhara, Mheshimiwa. Kilichosemwa huandikwa. Kukifuta kunahitaji hoja.”

“Basi natoa hoja! Ifutwe!”

“Hoja imetolewa. Anayeiunga ainue mkono.”

Kamishna Stumbo alikuwa anasoma maandishi ya kopo lake. Mimi nilikuwa katibu, na katibu hana upande. Kati ya watu mia tatu na ushei, mkono uliopanda juu ulikuwa mmoja tu, wa kulia, na ulikuwa unadondosha maji.

“Mtoa hoja haungi hoja yake mwenyewe,” alisema Bi Odessa kwa upole. “Ushushe, utakuuma.”

Hoja ilianguka saa nne na dakika ishirini asubuhi. Niliposoma daftari Jumatatu, ‘Mama wee’ ilikuwa imeandikwa mara nne.